Wiki tisa nyumbani: mwongozo kamili wa likizo ndefu kwa mzazi wa Uganda

Wiki ya kwanza ya Desemba, barabara ya kuingia Busia, mji wetu wa mpakani, hujaa boda boda zilizobeba magodoro yaliyokunjwa na masanduku ya chuma. Watoto wanarudi. Muhula wa kwanza hauanzi mpaka Februari, kwa hiyo mzazi anayepokea sanduku lile mlangoni anapokea pia wiki nane au tisa za mtoto asiye na kengele ya kumwamsha wala mwalimu wa zamu. Aliyemaliza P7, yaani darasa la saba la msingi, ana zaidi, maana mtihani wake huisha mapema Novemba. Aliyemaliza S6, kidato cha sita, ana karibu miezi minane mpaka chuo kikuu kifungue Agosti.

Sisi wa Uganda tumelipia somo hili kwa bei kubwa. Shule zetu zilifungwa 20 Machi 2020. Wa madarasa ya mitihani walirudi Oktoba mwaka huo, wengine wakarudishwa kwa zamu, zikafungwa tena Juni 2021, na milango haikufunguliwa kwa wote hadi 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule muda mrefu hivyo.

Nilikuwa na watoto watatu nyumbani: wangu wawili, mmoja P2 na mwingine P5, na binti wa dada yangu aliyekuwa S2. Mwezi wa kwanza niliweka ubao sebuleni na kupanga vipindi kama vya shule. Wiki ya tatu wote watatu walikuwa wakilia, na mimi nilikuwa nimekauka koo kwa kugomba. Kilichotuokoa ni nafaka ninazouza. Yule wa P5 aliyekataa hesabu za ubaoni alikuwa anapima maharagwe kwenye mizani, anapokea noti na kurudisha chenji bila kukosea. Ndipo nilipoacha kuwa mwalimu wa bandia. Mtoto aliye nyumbani muda mrefu anahitaji kazi ya kweli, na mtu mzima atakayeitazama kazi hiyo jioni. Yote ninayoandika hapa yametoka hapo.

Hatua ya 1: Siku nne za kwanza, mwache apumue

Usimpe kitabu kesho yake. Aliyetoka bweni amekuwa akiamshwa usiku wa manane kusoma kabla ya mapambazuko. Mwache alale mpaka mwili useme basi. Siku hizo nne zitumie kumkagua: meno, ngozi ya kichwa kama ina mashilingi (choa), vidole vya miguu kama vina funza, na homa. Akiwa na homa, mpeleke apimwe malaria siku hiyohiyo, usimpe dawa iliyobaki kabatini.

Ripoti ya shule isome ukiwa peke yako kwanza. Kisha keti naye, umuulize swali moja: ni kitu gani kilikuwa kigumu muhula huu? Nyamaza usikilize. Kuna mtoto atakwambia sehemu za hesabu, mwingine atakwambia kuna mkubwa aliyekuwa akimpiga bwenini. Fimbo ya siku ya kwanza inafunga mdomo ambao ungekwambia yote hayo.

Hatua ya 2: Pima anasimama wapi hasa

Hapa ndipo wazazi wengi tunaruka, na ndipo penye faida kubwa kuliko pote. Darasa analokaa mtoto na kiwango anachoweza ni vitu viwili. Watafiti wa shirika la Uwezo wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba Afrika Mashariki wakiwapa watoto hadithi na hesabu za kiwango cha P2 tu, na mara kwa mara wanakuta watoto wa madarasa ya juu ambao hawawezi kuzisoma. Usidhani wako hayumo. Kipimo chenyewe ni rahisi, unaweza kukifanya mezani kwa robo saa.

Kwa kusoma, andika kwenye karatasi herufi kumi, chini yake maneno kumi mafupi, kisha aya ya sentensi nne, kisha hadithi ya nusu ukurasa. Mpe asome kwa sauti kutoka juu. Pale anapoanza kubahatisha, yaani anaangalia herufi ya kwanza tu na kutaja neno lolote, simama hapo. Akimaliza hadithi muulize maswali mawili. Kuna mtoto anayesoma kama maji lakini hajui alichosoma; huyo naye ana kazi yake.

Kwa hesabu, mpe kujumlisha tarakimu mbili, kisha kutoa kwa kukopa, kisha kuzidisha, kisha kugawanya. Wangu wa P5 niliyemsifia chenji, karatasini aliandika 52 − 27 = 35. Alikuwa anatoa ndogo kutoka kubwa bila kujali ipi iko juu: 7 toa 2, basi 5. Kosa hilo alilibeba tangu P3 na hakuna aliyeliona. Tulichukua mirija ya soda, tukafunga mafungu ya kumikumi kwa mpira. Hamsini na mbili ni mafungu matano na mirija miwili. Nipe saba. Hana. Afanye nini? Akafungua fungu moja mwenyewe, akawa na mafungu manne na mirija kumi na miwili, akanipa saba, akabaki na mitano. Akanipa mafungu mawili, yakabaki mawili. Ishirini na tano. Siku tatu za mirija, kisha karatasi tena, na kosa halikurudi.

Andika ulichokiona kwenye daftari, na tarehe. Likizo nzima utafanyia kazi mambo mawili tu, moja la kusoma na moja la hesabu. Ukijaribu kuziba mashimo yote, hutaziba hata moja.

Hatua ya 3: Ratiba isiyotegemea saa ya ukutani

Ratiba ya dakika kwa dakika hufa siku ya pili, siku maji yakikatika au mgeni akija. Funga kila kitu kwenye jambo linalotokea kila siku: baada ya chai, jua likiwa kali, baada ya kuoga jioni. Kwetu kitabu kinakuja baada ya chai, kabla jua halijapanda. Wa P1 hadi P3, dakika ishirini mara mbili kwa siku zinatosha. Wa P4 hadi P7, dakika arobaini mara mbili. Wa sekondari, saa moja na nusu hadi mbili. Zaidi ya hapo anakaa tu na kalamu mkononi. Na msimpeleke kwenye masomo ya likizo ya kutwa nzima: wizara imeyakataza mara nyingi, na mtoto anarudi shuleni Februari akiwa amechoka kuliko alivyoondoka.

Waandike ratiba wenyewe, kwa mwandiko wao, waibandike ukutani. Aliyeandika sheria kwa mkono wake huona haya kuivunja.

Kabla ya kuibandika, fanya jambo moja. Chukua karatasi, andika kila mtoto alifanya nini jana tangu kuamka hadi kulala. Mimi nilipofanya hivyo nilishtuka. Yule binti wa S2 alikuwa amechota jerikeni nne, amefagia, amepika posho (ugali) na mukene (dagaa), ameosha vyombo mara mbili na kumwogesha mdogo. Kijana, yule wa P5, alikuwa amefunga mbuzi na kwenda mpirani. Nilikuwa nalalamika kwamba binti hasomi, na kumbe nimemla siku yake mimi mwenyewe. Tuligawa upya: kijana akachukua maji na vyombo vya mchana, na kupika kukawa kwa zamu. Wapo wazee mtaani waliosema namharibu mtoto wa kiume. Leo anajipikia mwenyewe. Mzazi mwenzangu, kama una mabinti, usiruke karatasi hii.

Hatua ya 4: Kusoma, na nafasi ya Kiswahili

Shule nyingi za vijijini hufundisha P1 hadi P3 kwa lugha ya eneo, kisha P4 mtoto anavushwa kwenda Kiingereza. Wengi huanguka kwenye daraja hilo. Nyumba inayosema Kiswahili ina nyenzo nzuri hapa, kwa sababu Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Ba, be, bi, bo, bu. Akishaunganisha silabi tano hizo na za ma na ka, anasoma baba, mama, bibi, kuku, na anasikia maana papo hapo. Mtoto akishagundua kwamba herufi zinasema kitu, hiyo siri anaihamishia Kiganda, Lusamia au Kiingereza. Tena Kiswahili si cha sokoni tu tena: Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni na kufanyiwa mitihani. Unachompa nyumbani kitamfaa darasani.

Vitabu tupate wapi? Uliza kwanza shuleni kwake kama anaweza kuazima viwili kwa dhamana yako. Maktaba za umma na za jamii zipo katika miji kadhaa na hata vijijini, kama ile ya Kitengesa karibu na Masaka. Mwenye simu ya intaneti afungue African Storybook: kuna hadithi fupi zenye picha, bure, kwa Kiswahili, Kiganda, Kilugbara na lugha nyingine zetu, zipakue siku moja ukiwa na bando, usome wiki nzima bila gharama. Wanafunzi watatu wa mtaa mmoja wakibadilishana vitabu, kila mmoja amepata vitatu.

Kama wewe mwenyewe husomi vizuri, bado unaweza. Mtoto akusomee, wewe simamisha kila ukurasa umuulize: nani huyu? Kwa nini alikimbia? Unadhani kitatokea nini? Maswali hayo hayahitaji cheti. Na jioni umeme ukikatika, msimulie hadithi uliyosimuliwa na bibi yako, kesho aiandike. Hadithi ya sungura aliyoiandika mwanangu mdogo wa P2 kwa maneno ishirini na sita ninayo mpaka leo.

Hatua ya 5: Mpe kitu cha kukuza na kitu cha kuuza

Kila mtoto wa miaka minane kwenda juu awe na kazi moja ambayo ni yake, yenye mwanzo, mwisho na matokeo ya kuonekana. Nitaeleza mbili ninazozijua vizuri.

Ya kwanza ni bustani ya gunia, hata kwa aliyepanga chumba kimoja. Tafuta gunia la kilo mia, samadi iliyooza vizuri, udongo, na kokoto. Changanya madebe matatu ya udongo kwa debe moja la samadi. Chukua kopo la kilo mbili, likate kitako, lisimamishe katikati ya gunia na ulijaze kokoto. Zungushia udongo, kisha livute juu kokoto zibaki, ujaze tena. Rudia mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo inayopitisha maji mpaka chini. Toboa ubavuni matundu yenye umbali wa shubiri moja, upande miche jioni jua likishuka.

Desemba na Januari kwetu ni kiangazi, kwa hiyo maji asubuhi na jioni. Nunua miche ya sukuma iliyo tayari badala ya mbegu, la sivyo likizo itaisha kabla hajachuma jani. Ukipanda wiki ya pili ya Desemba, kuelekea mwisho wa Januari ataanza kuchuma. Kwa watoto wadogo wasiojua kungoja, juu ya gunia pandeni dodo, yaani mchicha, ambayo huchumwa baada ya wiki nne hivi. Na awe na daftari: kila Jumamosi apime urefu wa mche mmoja kwa rula na kuchora mstari wake. Hiyo ni sayansi na hesabu bila mtu kuitaja.

Ya pili ni mandazi. Hii ndiyo iliyowafundisha wangu kuliko daftari lolote. Tuseme unga kilo moja ni shilingi 4,500, mafuta 2,500, sukari 1,000, hamira na chumvi 500, makaa ya sigiri 1,000. Jumla 9,500. Wakitoa mandazi 40 na kuuza kila moja 300, wanapata 12,000, faida 2,500. Wakafurahi. Siku ya pili yaliuzwa 32. Mauzo 9,600. Faida ya siku nzima, shilingi mia moja. Wakakaa kimya wakitazama karatasi. Yale manane yalikwenda wapi? Matatu waliyala wenyewe, mawili walimpa rafiki, matatu yalibaki. Hapo ndipo kijana aligawanya 9,500 kwa 40 bila kuambiwa, akapata 237 na nusu, akatangaza kwamba anayekula andazi amekula shilingi 237 na nusu za kampuni. Kugawanya kulikomsumbua shuleni kulikuja siku hiyo.

Masharti yangu: mafuta ya moto yanashikwa na mkubwa, kuuza ni mlangoni kwetu au kwa jirani tunayemfahamu, kamwe si stendi wala mpakani kwenye malori, na mtaji wangu unarudi kwangu kila jioni. Faida ni yao. Nusu inawekwa kwenye kopo hadi shule ifunguliwe, inanunua kalamu na madaftari. Nusu wanaamua wenyewe, hata wakinunua peremende. Ukimnyang'anya mtoto faida yake hata mara moja, biashara hiyo imekufa.

Michezo nayo isihesabiwe kama uvivu. Kwepena, mchezo wa kukwepa mpira, inafundisha miguu. Omweso, bao letu la mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne, unaweza kuchimbwa kwenye udongo chini ya mwembe, na mtoto anayeucheza vizuri anahesabu kichwani hatua kadhaa mbele yako.

Hatua ya 6: Waliomaliza P7, S4 na S6

Hawa ndio tunaowasahau, kwa sababu hawana kitabu cha kurudia. Wa P7 mpe miezi mitatu ya kujitegemea kabla ya sekondari: kufua, kupika chakula kamili, kushona kifungo, kupanga bajeti ya sanduku lake la S1. Wa S4 na S6 watafutie fundi. Saluni, gereji, ushonaji, ufundi wa simu, ufugaji wa kuku. Nenda wewe mzazi mwenyewe kwa fundi, mwone anavyokaa na vijana, mpatane mbele ya mtoto: ataanza lini, saa ngapi, atafundishwa nini mwezi wa kwanza, kama kuna malipo ya mafunzo. Na yeye aandike kila wiki alichojifunza. Binti wa dada yangu alikaa kwa fundi cherehani miezi minne baada ya S4, na sare za nyumba yetu zimeshonwa na mkono wake tangu hapo.

Hatua ya 7: Simu na televisheni

Sheria fupi hudumu. Kwetu televisheni ni baada ya kazi za siku, na simu hailali chumba kimoja na mtoto. Simu inapotumika, iwe sebuleni, macho ya watu yakiwapo.

Hatua ya 8: Usalama, bila kuzunguka

Wakati wa korona wasichana wengi walipata mimba au kuozwa, na wengi hawakurudi darasani. Waliowaumiza mara nyingi hawakuwa wageni. Kwa hiyo jua mtoto wako yuko wapi na nani, wa kiume na wa kike. Akienda kijijini kwa bibi, uliza mapema atalala wapi na kitanda kimoja na nani, mpe chandarua, na umkumbushe asiogelee ziwani wala mtoni bila mtu mzima. Mwambie kwa maneno ya wazi ni sehemu zipi za mwili wake hakuna anayeruhusiwa kuzishika, na kwamba hata mjomba akimwambia ni siri, kwako si siri. Mfundishe namba 116 aikariri: ni Sauti, simu ya msaada kwa watoto, na kupiga ni bure. Akikuambia jambo, mwamini kwanza. Maswali yafuate baadaye.

Hatua ya 9: Dakika kumi za jioni

Kama una nguvu ya hatua moja tu, chukua hii. Narudi kutoka sokoni saa moja jioni nimechoka, miguu imevimba. Nakaa kwenye mkeka, kila mtoto analeta kitu kimoja alichofanya leo: ukurasa aliosoma, hesabu za mandazi, jani la sukuma lililoliwa na mdudu. Nakitazama kweli, simu ikiwa mbali. Nauliza kimoja: hapa ulifanyaje? Kisha naandika tarehe na jina langu chini ya ukurasa. Sisahihishi kila kosa usiku huo. Nachagua moja la kesho. Siku tatu nilizosafiri kwenda Mbale, kazi zilisimama siku ya pili. Nilichelewa kujua kwamba walikuwa wanangoja jioni, na mchana wote waliufanya kwa ajili ya jioni hiyo.

Hatua ya 10: Siku kumi kabla ya kufungua

Rudieni kile kipimo cha hatua ya 2, karatasi ileile, muweke matokeo mawili kando kwa kando. Sogezeni saa ya kulala iwe mapema zaidi, robo saa kila siku. Fungueni kopo la akiba mwende kununua madaftari wote pamoja, risiti akae nayo mtoto. Mwalimu wa darasa mpe kipande cha karatasi siku ya kuripoti: likizo hii tulifanyia kazi kutoa kwa kukopa, bado anasumbuka na sehemu.

Na gunia la sukuma litabaki na nani? Mtoto amtafute jirani mwenyewe, amwandikie maelekezo na kuyabandika ukutani karibu na gunia: makopo mawili asubuhi, makopo mawili jioni, maji yamiminwe kwenye kokoto, chuma majani ya chini, la juu uliache.